Katoni iliyofunguliwa si 1.4G tena

Nauza fataki kwa jumla, na kazi yangu hasa ni ghala: kupokea mzigo, kuukagua, kuupanga na kuutoa. Bei na mikataba wanashughulika nayo wenzangu wa ofisini. Funguo ninazo mimi, na jina langu ndilo lililoandikwa kwenye leseni kama msimamizi wa stoo. Kila msimu unapokaribia napigiwa simu na watu wanaotaka kuingia kwenye biashara hii, na karibu wote huanza na swali moja: leseni inatolewa wapi na inachukua muda gani? Ni haki yao kuuliza. Ila wengi wao naona wanaichukulia leseni kama karatasi ya kutundika ukutani ili mkaguzi akija apite salama, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu leseni ya fataki ni hesabu. Inataja kiasi cha baruti, daraja lake, mahali itakapokaa, na umbali wake na watu. Ukibadilisha tarakimu moja katika hizo, leseni uliyo nayo mkononi ni ya ghala lingine.

Nianze na katoni yenyewe, maana mengi ya kanuni hizi yameanzia hapo.

Katoni ya fataki inayosafiri kihalali hubandikwa alama ya almasi ya rangi ya chungwa, na ndani ya almasi kuna namba. Fataki za kuuziwa mtu wa kawaida, za kuwashwa nje ya nyumba, nyingi ni 1.4G, na pembeni utaona UN 0336, yaani namba ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari ya aina hiyo. Zile za maonyesho makubwa, ambazo hurushwa na mafundi, kwa kawaida huwa 1.3G, UN 0335. Kubwa kuliko zote ni 1.1G, UN 0333, na maana yake ni kwamba mzigo mzima unaweza kulipuka kwa mkupuo mmoja. Ile 1 ya mwanzo ni daraja la vilipuzi vyote duniani. Wateja wapya hushtuka nikiwaambia kwamba hata vijiti vya cheche wanavyoshikishwa watoto vimo katika daraja hilo hilo lenye baruti za kupasulia miamba. Ni vizuri washtuke.

Sasa, hiyo 1.4 inasema nini? Inasema kwamba moto ukitokea, madhara kwa sehemu kubwa yatabaki ndani ya katoni au karibu nayo sana, na kwamba moto wa nje hautafanya karibu vyote vilivyomo katonini vilipuke papo hapo. Hayo hupatikana kwa kupima, au kwa kusoma jedwali la ainisho la fataki lililomo kwenye kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari. Miongoni mwa vipimo vyake kuna kile ambacho katoni nzima hurundikwa na kuzungushiwa moto mkubwa, kisha watu wakakaa mbali kuangalia kitakachotoka. Katoni nzima, ikiwa imefungwa vile vile itakavyosafiri. Kinachopimwa ni katoni na vilivyomo kwa pamoja, na kwa hiyo alama ni ya katoni na vilivyomo kwa pamoja.

Usidhani nalazimisha maana. Liangalie hilo jedwali. Roketi huhesabiwa 1.4G ikiwa haizidishi gramu 20 za mchanganyiko, inapasuliwa na baruti nyeusi, na unga wa mlio ndani yake, yaani ule unaotoa mshindo, hauvuki gramu 0.13 kwa kila mlipuko wala gramu 1 kwa jumla. Mirija ile inayorusha nyota moja moja lazima isizidi kipenyo cha milimita 30 ndani, kila nyota isizidi gramu 25, na unga wa mlio usizidi asilimia 5. Halafu ufike kwenye vijiti vya cheche vilivyotengenezwa kwa paklorati, kemikali inayoupa moto oksijeni: ili viwe 1.4G, kila kijiti kisizidi gramu 5 za mchanganyiko, na pakiti moja isiwe na zaidi ya vijiti 10. Vikiwa 11 kwenye pakiti moja vinahamia 1.3G. Kijiti ni kile kile, kiwanda ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ndani ya pakiti, kwa sababu vijiti vikibanana vikashika moto pamoja haviwaki tena kwa cheche za taratibu. Vinaungua vyote kwa mara moja, kwa joto ambalo hakuna mkono unaoweza kuachia kwa wakati.

Ndiyo maana mteja anaponiambia, "Nifungulie katoni mbili tatu, unichanganyie kidogo kidogo, niweke kwenye gunia moja," namjibu kwamba kwenye ghala hili hakuna katoni inayofunguliwa. Wengine huudhika. Wanadhani nawalazimisha wanunue zaidi. Lakini kadibodi ile, vigawanyio vya ndani, na kifuniko kidogo cha karatasi kinachofunika ncha ya utambi, vyote vina kazi. Ukizitoa fataki humo ukazimwaga kwenye gunia, tambi zimebaki wazi zikigusana. Cheche moja inapata njia ya kupita kutoka fataki ya kwanza hadi ya mwisho. Ukizimwaga kwenye pipa la chuma umeongeza jambo baya zaidi, ambalo ni kubana. Baruti inayoungua mahali pa wazi hutoa moshi na mwali. Baruti hiyo hiyo ikibanwa ndani ya chuma, gesi inakosa pa kutokea, mgandamizo unapanda, na kasi ya kuungua inapanda pamoja nao.

Kontena la chuma ni pipa kubwa. Tarehe 3 Desemba 2006, huko East Sussex, Uingereza, moto ulizuka kwenye eneo la kampuni ya fataki linaloitwa Marlie Farm. Kontena la chuma lililojaa fataki, ambalo halikuwa na leseni ya kuhifadhia, lililipuka na kuua watu wawili wa kikosi cha zimamoto waliokuwa kazini. Wenye biashara walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2009. Kisa hiki nakirudia kwa kila kijana anayeanza kazi kwangu, kwa sababu kontena ndilo kishawishi kikubwa kuliko vyote katika kazi yetu. Lipo tayari, lina kufuli, halivuji mvua, na fataki zimekuja nalo. Mtu anajiambia, zikae humo humo wiki mbili hadi nafasi ipatikane. Hizo wiki mbili ni hifadhi, na hifadhi ina leseni yake.

Kuna kisa cha Enschede, Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000, ambacho ndicho kilichobadilisha namna ninavyozisoma karatasi za mzigo. Ghala la fataki lilikuwa katikati ya makazi ya watu, mtaa wa Roombeek. Moto ulianza ndani ya chumba kimoja, ukahamia kwenye makontena ya nje, kisha milipuko ikafuatana hadi ile ya mwisho ambayo ilisawazisha mtaa. Watu 23 walikufa, wanne kati yao wazimamoto. Waliojeruhiwa walikuwa karibu 950, na nyumba zipatazo 200 zikateketea. Uchunguzi ulibaini kwamba ghala lilikuwa na mzigo mkubwa kuliko ilivyoruhusiwa, na kwamba sehemu kubwa ya fataki zilizokuwa zimebandikwa alama za daraja la chini zilikuwa kali kuliko alama zao. Wazimamoto walikwenda kupambana na moto wa karatasi. Kilichokuwa mbele yao ni kitu kingine kabisa. Uholanzi ilitunga kanuni mpya za fataki mwaka 2002, zenye masharti makali ya umbali na vinyunyizio vya maji, lakini hesabu yao ilikuwa imeshalipwa na watu wa Roombeek.

Kwa hiyo mzigo ukifika sianzi kuhesabu katoni. Naanza na karatasi na rula.

Karatasi zenyewe ni orodha ya mzigo, cheti cha ainisho la kila aina ya fataki, na ripoti ya maabara iliyopima sampuli. Kwenye orodha natafuta safu mbili ambazo wanunuzi wengi huzichanganya: uzito wa mzigo wote, na uzito wa baruti peke yake. Leseni huandikwa kwa uzito wa baruti, na msafirishaji mara nyingi anakupa ule wa mzigo wote. Pale ambapo uzito wa baruti haukutajwa, Uingereza wanakadiria robo ya uzito wote. Tani 8 za fataki kwa hesabu hiyo zina kilo 2,000 za baruti, na namba hiyo nimeichagua makusudi: Uingereza, kilo 2,000 ndiyo mwisho wa leseni inayotolewa na mamlaka za maeneo. Ukizidisha hapo, ombi lako linakwenda kwa mamlaka ya kitaifa ya usalama kazini, na masharti yake ni mengine. Kontena moja linaweza kukuvusha mpaka huo bila wewe kujua, ikiwa hujasoma safu sahihi.

Rula ni kwa ajili ya mirija. Sampuli moja ya kila bechi hutolewa na kufunguliwa kwenye banda dogo lililo mbali na ghala, mezani, mtu mmoja tu akiwepo, bila simu mfukoni. Napima kipenyo cha ndani cha mrija na kulinganisha na cheti. Naangalia utambi kama umefunikwa, na kama umekaza mahali pake. Fataki unayoweza kuichomoa utambi kwa vidole viwili hairudi kwenye soko langu. Naangalia kitako. Kanuni za Marekani zinataka utambi uungue kwa sekunde zisizopungua 3 na zisizozidi 9 kabla fataki haijawaka, na zinataka zile keki kubwa, yaani mirija mingi mikubwa ya kurusha juu iliyofungwa pamoja, zisianguke hata zikiinamishwa hadi nyuzi 60. Nazipenda kanuni hizo mbili kwa sababu kila moja inazungumza na mtu mmoja halisi, yule aliyeinama juu ya fataki gizani: ya kwanza inampa muda wa kurudi nyuma, ya pili inahakikisha mrija haumgeukii.

Kisha nageuza katoni tupu ya sampuli na kuipigapiga taratibu juu ya karatasi nyeupe. Hapo ndipo siku moja nilipoona unga. Ulikuwa mwembamba sana, wa kijivu chenye kung'aa kama fedha, umejikusanya kwenye mkunjo wa chini wa kadibodi, kiasi cha kuweza kufunika ukucha. Kijivu kinachong'aa ni alumini, na alumini iliyosagwa vile ikichanganywa na paklorati ndiyo unga wa mlio wenyewe, ule ambao jedwali linauhesabu kwa sehemu za gramu. Hauhitaji moto. Msuguano unatosha, na mzigo uliokaa baharini majuma kadhaa ukitikiswa una msuguano mwingi. Nilisimamisha upakuaji, nikafungua sampuli nyingine za bechi ile, na nne kati ya tano zilikuwa na unga. Muuzaji wa huko nje alisema ni vumbi la kawaida la kiwandani na kwamba nachelewesha msimu wa watu. Tulivutana naye kwa muda mrefu, kwa barua na kwa simu, na bechi ile haikuingia ghalani. Iliondolewa na wataalamu wenye kibali cha kuteketeza vilipuzi. Mpaka leo najua wako wanaopokea vumbi la namna hiyo na kulifagia, na linanisumbua kulifikiria, kwa sababu ufagio wenyewe ni msuguano.

Kuhusu leseni, jambo ambalo watu huchanganyikiwa zaidi ni kusoma kanuni za nchi nyingine intanetini na kudhani ni za dunia nzima. Marekani, kwa mfano, shirika la serikali kuu linalosimamia vilipuzi, ATF, halidai leseni yake kwa mtu anayeingiza au kusambaza fataki zilizokamilika za 1.4G. Mtu akisoma hapo akafunga ukurasa, atadhani biashara iko huru. Haiko huru. Majimbo mengi yana leseni zao kwa wauzaji wa jumla, bidhaa yenyewe inabanwa na tume ya usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, na usafirishaji una mamlaka yake inayotoa namba ya kuidhinisha kila aina ya fataki kabla haijapanda lori. Ulaya wamechukua njia nyingine: fataki zimegawanywa F1 hadi F4, kutoka zenye hatari ndogo hadi kubwa, umri wa chini wa mnunuzi ni miaka 12 kwa F1, 16 kwa F2 na 18 kwa F3, na nchi mwanachama inaweza kupandisha umri huo, F4 ni ya wataalamu tu. Muuzaji wa jumla anayemwachia mtu asiye mtaalamu katoni ya F4 amevunja sheria hata kama amelipwa, ametoa risiti na amekata kodi.

Kanuni za nchi yako zitakuwa na majina yake. Mambo zinayouliza hayatofautiani sana, na mimi ndiyo ninayomuuliza kila mnunuzi kabla katoni haijatoka. Jina kwenye leseni ni lako? Leseni ni ya kuuza, ya kuhifadhi, au zote mbili? Hapa wengi hukwama, maana wana kibali cha duka lakini hawana pa kuweka mzigo usiku. Anwani ya stoo iliyoandikwa ndiyo mzigo huu unapokwenda? Na swali ambalo halipendwi kabisa: sasa hivi una kiasi gani ndani? Leseni yako ikiruhusu kilo 250 za baruti na tayari una 200, siwezi kukuuzia 100, hata leseni iwe mpya inang'aa. Kuna mtu aliwahi kuniambia hilo ni jukumu lake, si langu. Kisheria huenda anasema kweli mahali fulani. Mimi najua kwamba katika njia nzima ya fataki, kutoka kiwandani hadi uani kwa mtu, ghala la jumla ndiyo sehemu ya mwisho ambapo mzigo mkubwa unakaa chini ya jicho la mtu mmoja mwenye uwezo wa kukataa. Baada yangu zinatawanyika katoni moja moja na hakuna anayezihesabu tena.

Kila kinachotoka kinaandikwa: namba ya bechi, idadi, mnunuzi, namba ya leseni yake, gari lililobeba. Wasaidizi wangu huona ni uandishi mwingi. Faida yake huonekana siku kiwanda kinapotoa taarifa kwamba bechi fulani ina utambi unaoungua haraka. Mwenye daftari anapiga simu kwa watu aliowauzia bechi hiyo. Asiye na daftari anabandika tangazo na kuomba Mungu.

Wapo wanaokuja wakitaka "zile zenye mlio wa kweli". Nawaeleza kwa tarakimu. Fataki inayolia ikiwa chini bila kuruka, inayouzwa kwa raia Marekani haipaswi kuzidi miligramu 50 za unga wa mlio, na sharti hilo lipo tangu 1976. Kile kinachoitwa M-80, ambacho asili yake ni kuigiza milio ya silaha katika mafunzo ya kijeshi, hubeba karibu gramu 3, yaani mara 60. Hicho si fataki kubwa. Ni kilipuzi kidogo, na tofauti kati ya mkono uliochomeka na mkono uliopotea ni hiyo mara 60. Ulaya wamelishughulikia kwa sauti: F2 haipaswi kuvuka desibeli 120 kwa umbali wa mita 8. Muuzaji yeyote anayekupa kitu kisicho na jina la kiwanda, kisicho na alama na kisicho na maelezo ya kuwasha, mwache nacho.

Na hakuna kujaribisha dukani. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Tarehe 29 Desemba 2001, katika eneo la maduka la Mesa Redonda jijini Lima, Peru, fataki moja iliyowashwa ili mteja aone iliangukia kwenye bidhaa, na moto ukasambaa kwenye mitaa iliyojaa wanunuzi wa mwisho wa mwaka. Waliokufa walizidi 270. Mteja wako akitaka kuona, mwonyeshe video.

Kubeba nako kuna adabu yake. Katoni inabebwa kwa mikono miwili, haiburutwi, hairushwi kutoka juu ya lori hata kama anayedaka ni hodari. Seest, kitongoji cha mji wa Kolding, Denmark, tarehe 3 Novemba 2004, moto wa ghala la fataki ulianza wafanyakazi wawili walipoangusha katoni ya roketi ndani ya kontena. Mzimamoto mmoja alikufa na mamia ya nyumba zikaharibika. Wakazi wengi walikuwa wameshahamishwa kabla ya mlipuko mkubwa, na hilo ndilo lililozuia idadi ya maiti kufanana na ya Enschede. Barabarani, kila nchi ina kizingiti chake. Marekani, kwa fataki za 1.4G, ni pauni 1,001, karibu kilo 454 za uzito wote, na kutoka hapo lori linatakiwa kuwa na mabango na dereva awe na idhini maalumu ya bidhaa hatari. Mteja anayekuja na gari la familia akitaka kujaza buti na kiti cha nyuma, huku watoto wamo ndani, namrudisha. Hili halina mjadala kwangu.

Nimebakiza jambo linalosahaulika hata na wakongwe: fataki zilizoharibika. Zilizolowa, zilizorudishwa, zilizokataa kuwaka, zilizokamatwa na polisi na kuletwa ghalani "zikae kidogo". Watu wanadhani fataki iliyolowa imekufa. Ikikauka inaweza kuwa hai, na hairudi kuwa ile iliyopimwa. Zaidi ya hapo, unga wa metali na maji vinaweza kuanza kupashana joto vyenyewe. Tarehe 8 Aprili 2011, huko Waikele, Hawaii, wafanyakazi watano waliuawa katika handaki la kuhifadhia ambako kampuni yao ilikuwa imepewa kazi ya kuharibu fataki zilizokamatwa. Walikuwa wakizifungua moja moja, wakitenganisha unga wa mlio na baruti nyeusi, na vipande vikajilimbikiza. Siku ya ajali walikuwa wameingia ndani ya handaki na vifaa vyao kukwepa mvua. Taasisi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilibaini kwamba mrundikano huo wa vipande vilivyofunguliwa uliongeza sana hatari ya mlipuko mkubwa. Ona tunarudi pale pale kwenye katoni. Fataki zile zilipokuwa zimefungwa zilikuwa na daraja lake. Zilipofunguliwa, hakuna jedwali lililokuwa likizihesabu tena.

Kwangu zilizoharibika zinakaa kwenye chumba chao peke yao, kidogo iwezekanavyo, zimeandikwa, na haziguswi hadi wenye kibali waje. Hakuna kuzichoma nyuma ya ghala jioni watu wakishaondoka. Kama unaomba leseni na kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza utakavyoteketeza mabaki, usiijaze kwa mstari mmoja. Tafuta kwanza atakayeyachukua, andika jina lake na namba ya kibali chake.

Pia kuna karatasi moja inayokaa getini kwangu, ndani ya boksi la chuma lisiloshika maji, na wazimamoto wa eneo wanajua ilipo. Ina ramani ya ghala, vyumba, daraja la kila chumba, na uzito wa baruti uliomo leo. Leo, si mwezi uliopita. Naibadilisha kila mzigo unapoingia au kutoka, na naweka sahihi. Juu kabisa kumeandikwa kwa herufi kubwa sharti ambalo wakuu wa zimamoto tulikubaliana nao: moto ukishafika kwenye fataki zenyewe, hakuna anayeingia, watu wanahamishwa na umbali unawekwa.

Kwa hiyo ukinipigia kuniuliza leseni inachukua muda gani, nitakuuliza kwanza kama una jengo. Jengo, kisha vipimo vya umbali kutoka jengo hadi nyumba ya jirani, barabara na shule, kisha ukaguzi wa zimamoto, kisha leseni, na mwisho kabisa oda. Watu hufanya kinyume: wanaagiza kwanza kwa sababu bei ya mapema ni nzuri, wakitumaini leseni itatoka wakati kontena liko baharini. Kontena likitangulia kufika, huwa linatafutiwa uwanja wa rafiki mwenye ukuta na geti, kisha napigiwa mimi niulizwe kama lingeweza kulala kwangu siku chache. Jibu langu ni hapana, kwa yeyote, na hata kama ni usiku mmoja, kwa sababu leseni iliyo na jina langu imeshahesabu baruti yote inayoweza kulala hapa.